Kahawa Iliyovuka Ziwa Bila Jina

Mimi nimezaliwa katikati ya mibuni, lakini kahawa niliionja kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa, hapa Nakivale, kwa mama mmoja Mwethiopia anayeuza karibu na soko. Aliikaanga mbele yangu, akaitwanga, akaichemsha kwenye jebena, akanimiminia kikombe kidogo kisicho na mkono. Harufu ile sikuijua. Niliyoijua mimi ni ile nyingine, ya maganda yaliyochacha nyuma ya nyumba ya babu, kule milima ya Kalehe, juu ya Minova. Kwetu kahawa ilikuwa kitu cha kuuza. Ni kama ng'ombe wa jirani, unamwona kila siku lakini maziwa yake huyanywi.

Ninaandika haya kwa sababu ya swali. Siku ya Jumamosi huwa ninaongoza kikundi cha vijana, tunasoma na kujadiliana. Siku moja kijana wa miaka kumi na sita, aliyefika hapa akiwa mgongoni mwa mama yake, akaniuliza: "Kaka, kule kwetu kunatoka nini kizuri? Mimi nasikia koltani, dhahabu na vita tu." Wenzake walicheka. Mimi sikuwa na jibu la haraka, nikasema tutaliongelea, kama tunavyosema sisi viongozi tukibanwa.

Wiki chache baadaye mfanyakazi mmoja wa shirika alirudi kutoka likizo Ulaya akaniletea zawadi, pakiti ya kahawa ya gramu 250. Alijua natoka Kivu ya Kusini. Juu ya pakiti palikuwa na jina la ziwa letu, mwinuko kwa mita, na maneno kwamba ndani kuna ladha ya chungwa, asali na chokoleti. Karatasi ya bei ilikuwa bado imebandikwa: euro 9. Nilikaa na ile pakiti mkononi muda mrefu. Babu yangu alipima kahawa kwa kopo la maziwa, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuna chungwa ndani.

Nianze na mambo ya mimea, halafu tutafika kwa watu. Kahawa ya biashara duniani ina aina mbili kubwa, arabika na robusta. Arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia, na yule mama wa jebena hachoki kunikumbusha. Robusta ni ya misitu ya joto, na Kongo ina sehemu kubwa katika historia yake. Mbegu zilizochukuliwa Kongo mwishoni mwa karne ya 19 zilipelekwa Brussels kwenye bustani ya Linden, mfanyabiashara wa mimea, na kutoka hapo zikafika Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umemaliza arabika ya Waholanzi. Robusta ilivumilia. Baadaye, tangu 1933, Wabelgiji walikuwa na taasisi kubwa ya utafiti wa kilimo, INEAC, yenye makao Yangambi karibu na Kisangani, na mbegu za Yangambi zimepandwa nchi nyingi. (Waganda nao wana robusta yao ya asili. Sigombani nao, mimi ni mgeni wao.)

Ya Kivu ni arabika. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya bahari, maana yake mbuni uliopandwa ufukweni kabisa tayari uko juu kuliko Kampala, na mashamba yanapanda kutoka hapo kuelekea mita 2,000. Usiku kuna baridi. Tunda linaiva polepole, na wanaojua kazi hii wanasema ule upole ndio unaoweka utamu na ule ukali mzuri kama wa ndimu. Upande wa kaskazini ardhi ni ya volkeno. Katikati ya ziwa kuna kisiwa kikubwa cha Idjwi, nacho kina kahawa kila upande. Kwa hiyo uzuri haukuletwa na mradi. Ulikuwepo siku zote, ukiharibiwa njiani.

Arabika ililetwa Kivu na wamisionari na walowezi. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda chombo kilichoitwa Comité National du Kivu, kikawa kinagawa ardhi ya milimani kwa wazungu waliokuja kulima kahawa, chai na kwinini. Kwinini ile ni dawa ya malaria, inatoka kwenye ganda la mti. Wazee wetu waliingia kwenye hadithi ya kahawa kama vibarua kwenye ardhi iliyokuwa yao. Karibu na Bukavu, pale Mulungu, INEAC ilikuwa na kituo cha kuchunguza arabika. Baadaye wakulima weusi nao wakapanda miti yao, na hapo ndipo baba wa babu alipopata mibuni yake ya kwanza. Babu alisimulia kwamba aliambiwa namna ya kupanda na namna ya kukata matawi, ila namna ya kujua bei hakuambiwa.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Ninapita haraka hapa maana vita vya miaka ile vina vitabu vyake. Pigo kubwa kwa mashamba lilikuja tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Kwa maneno ni jambo la haki, nani angelikataa? Lakini mashamba hayakupewa waliokuwa wakiyalima. Yalipewa wakubwa na marafiki wa wakubwa, wengi wao wakauza walichokikuta na kuacha mitambo ioze. Miaka michache baadaye serikali ikaanza kurudisha, lakini mtambo uliokwisha kuuzwa vipande vipande haurudi. Vituo vya kuoshea kahawa vikafa, na hilo ndilo jambo la kukumbuka, kwa sababu bila kuoshwa vizuri arabika ya mlimani inakuwa kahawa ya kawaida tu.

Halafu Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa kiasi ambacho kila nchi inauza ulivunjika, na bei ikaanguka dunia nzima. Kongo, wakati huo Zaire, ilikuwa ikiuza nje zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa robusta. Bei ilianguka, barabara zikafa, ugonjwa wa kunyauka ukaingia kwenye robusta, vita vikafuata. Baada ya miaka ishirini hivi, kahawa iliyoandikwa rasmi kutoka Kongo haikufika tani 20,000. Nasema iliyoandikwa rasmi. Kwa sababu iko nyingine ambayo haikuandikwa, na hiyo ndiyo ya familia yangu.

Mwaka 1994 wakimbizi wengi sana walivuka kutoka Rwanda kuingia Kivu baada ya mauaji ya kimbari. Babu alikuwa na turubai moja la bluu alilolinunua Goma wakati ule, akawa anaanikia kahawa juu yake mpaka lilipochanika lote, kwa hiyo msishangae mahema yenu yakiishia mbali. Mwaka 1996 vita vikaanza kwetu, vikarudi 1998. Wanunuzi wakaacha kupanda mlimani. Waliobaki Goma na Bukavu walilipa kidogo, kwa sababu nao walitozwa kodi na ushuru mwingi kila hatua. Kahawa ikakaa ndani, inaota ukungu. Ng'ambo ya ziwa, kwa macho unaona taa usiku, kulikuwa na watu wanaonunua.

Basi watu wakavusha. Mjomba wangu alivuka kwa miaka kama minne. Walikuwa wakienda usiku, mchana kulikuwa na wenye bunduki wanaodai chao. Mtumbwi mmoja, magunia mengi kuliko unavyobeba, wanaume juu ya magunia. Watu hulisifu Ziwa Kivu kwamba halina mamba. Ni kweli, lakini lina upepo. Unatoka milimani ghafla, maji yanasimama, na mtumbwi uliojaa hauna la kufanya. Wengi wa waliovuka walikuwa watoto wa milimani wasiojua kuogelea. Wakifika salama, malipo mara nyingi hayakuwa hata pesa, yalikuwa chumvi, sabuni, vitenge, vitu vya kwenda kuuza tena nyumbani. Mwenzake mjomba, baba wa watoto wanne, alizama na magunia yake. Mwili haukuonekana. Baada ya pale mjomba alienda mara mbili tu tena, akaacha. Ukitembea vijiji vya ufukweni utakuta wajane wa aina hiyo, na kila mtu anajua nani ni nani. Kwa watu wa kule ziwa ni kaburi pia.

Wale waliofika, kahawa yao iliingia kwenye gunia lingine na kuitwa kahawa ya huko. Aliyeinywa Ulaya au Marekani, kama ilikuwa mbaya au nzuri, hakuweza kujua kwamba iliota Kalehe. Ndiyo maana nasema ilivuka bila jina. Sisi tuliovuka tukaandikishwa angalau tulipewa karatasi.

Hapa lazima niseme kwa haki, na najua miongoni mwa wasomaji wako majirani zangu Wanyarwanda. Si sawa kusema waliiba kahawa yetu. Tulienda wenyewe, kwa sababu wao walikuwa wamefanya kazi sisi hatujafanya. Nchi iliyotoka kwenye mauaji ya kimbari iliamua kuosha kahawa vizuri. Huko Maraba, kusini mwa nchi, ushirika wa Abahuzamugambi ulianzishwa 1999, wengi wa wanachama wake wakiwa wajane na yatima, na 2001 wakapata kituo cha kuoshea. Miaka michache baadaye kahawa yao ilikuwa inauzwa Uingereza kwa jina lake. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza Afrika kufanya mashindano ya Cup of Excellence, ambayo kahawa bora inaonjwa na kuuzwa kwa mnada. Bei ya ng'ambo ikapanda, na mitumbwi yetu ikazidi. Ukiiangalia hivyo, dawa ilikuwa wazi: na sisi tuoshe kwetu, tuuze kwa jina letu.

Aliyeanza pale Minova ni Joachim Munganga. Mwaka 2003, vita vikubwa vikiwa vinaisha kwenye karatasi tu, alikusanya wakulima mia kadhaa wakaunda SOPACDI, jina refu la Kifaransa ambalo maana yake ni mshikamano wa wakulima kwa ajili ya kahawa na maendeleo. Walifufua kituo cha kuoshea kilichokuwa kimekufa. Shirika la Twin la London likawasaidia kutafuta soko, na 2011 wakapata cheti cha Fairtrade, kabla ya ushirika mwingine wowote wa kahawa nchini Kongo. Kutoka mia kadhaa wakafika wanachama elfu kadhaa, watu wa lugha na makabila tofauti, wale wale ambao redio ilikuwa inawaambia wachukiane. Mwaka 2009, huko huko Kalehe, ukazaliwa ushirika mwingine unaoitwa Muungano. Jina hilo halihitaji maelezo.

Sasa niwaambie kwa nini kituo cha kuoshea ni kitu kikubwa, kwa sababu nilipowaeleza vijana wangu walidhani ni bomba la maji tu. Nyumbani babu alivuna matunda mekundu, ya njano na ya kijani pamoja, kwa sababu mwizi hasubiri liive. Alimenya kwa kuponda na jiwe, punje nyingine zikavunjika. Aliosha kwenye beseni, akaanika chini, kuku na mbuzi wakapita juu. Ikinyesha wakati tuko shuleni, basi.

Kituoni unaleta nyekundu tupu. Wanazitia kwenye maji, zinazoelea zinatolewa, maana zina kasoro. Siku ile ile mashine inamenya. Punje zinakaa kwenye tangi usiku kucha au zaidi mpaka ule utelezi uachie, halafu zinaoshwa kwenye mfereji wa saruji, watu wakizisukuma na mbao huku wakiimba. Nzito zinazama, nyepesi zinakimbia na maji, kwa hiyo mfereji wenyewe unachagua. Kisha zinaanikwa juu ya meza ndefu za wavu, zinafunikwa jua likiwa kali na mvua ikija, wiki mbili mpaka tatu. Pembeni ya meza wamekaa akina mama, wanatoa punje mbaya moja moja kwa vidole. Kuna mdudu anaitwa antestia ambaye akinyonya tunda, punje inaweza kutoa ladha ya kiazi kibichi, na punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima. Kasoro hii inajulikana sana kwenye nchi zetu za Maziwa Makuu. Vidole vya wale mama ni sehemu ya ile bei ya euro 9.

Na kuna mzani. Mimi naona mzani ni muhimu kuliko mashine. Kwa mnunuzi wa zamani, kopo lilikuwa lake, na kopo lilikuwa na tabia ya kukua. Kwenye ushirika unaona kilo zako, zinaandikwa kwenye kitabu, unapewa karatasi. Shangazi yangu alijiunga na ushirika mmoja wa huko, kwa jina lake mwenyewe na si la mume, na ile karatasi yenye jina lake aliihifadhi ndani ya Biblia. Mwanamke wa kwetu alilima, alivuna, alibeba mgongoni, halafu pesa ilipokelewa na mwanaume. Kwenye kitabu cha ushirika jina la shangazi liko peke yake.

Fairtrade inaongeza juu ya bei pesa ya pamoja, senti 20 za dola kwa kila ratili, na wanachama wanapiga kura itumike wapi. Inaonekana ndogo. Lakini kumbukeni kwamba kilo moja ya kahawa tayari kukaangwa inatoka kwenye kilo sita au saba za matunda. Pakiti yangu ya gramu 250 ilikula karibu kilo mbili za matunda mekundu, yaani asubuhi ya mtoto mmoja mlimani.

Nisiseme kwamba ni paradiso. Shangazi amewahi kungoja malipo ya pili mpaka ada ya shule ikapita na mtoto akafukuzwa. Jirani yake aliuza kwa mchuuzi kwa bei ndogo kwa sababu mchuuzi analipa leo. Viongozi wa ushirika nao ni watu, wanapenda mikutano yenye soda. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, mkisikia mkulima "hana uaminifu kwa ushirika wake", ulizeni kwanza pesa yake imechelewa miezi mingapi.

Lakini jina lilirudi. Mwaka 2014 yalifanyika mashindano ya kwanza ya Saveur du Kivu. Waonjaji walikuja kutoka nje, wakavuta kahawa kwa kijiko kwa kelele na kutema, maana ndiyo kazi yao, wakatoa alama chini ya mia. Kahawa ikipita 80 inahesabiwa kuwa ya hali ya juu, na zetu zilipita. Katikati ya miaka ile hata Starbucks ya Marekani ilianza kuuza kahawa ya Kivu ikiandikwa Kivu. Watu wa Minova, ambao dunia ilikuwa imewasikia mwisho wa 2012 kwa sababu ya ubakaji waliofanyiwa na askari waliokuwa wanakimbia kutoka Goma, sasa walisikika kwa kitu walichokitengeneza kwa mikono.

Sehemu inayofuata nayo ni historia, ingawa bado ina moto. Januari 2025 Minova ilitekwa na M23, siku chache baadaye Goma, na Februari Bukavu. Mwezi huo huo wa Februari bei ya arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, bei ambayo soko lile halijawahi kuiona. Bei ambayo babu aliingoja maisha yake yote ilikuja wakati watu wa mlimani kwake wako njiani na magodoro vichwani. Kwetu mavuno makubwa yanaanza kama Machi. Shangazi alirudi kabla ya majirani wengi. Nilipompata kwenye simu nilimuuliza kuhusu usalama, akanijibu kuhusu matawi: usipoyakata miaka miwili mbuni unakuwa msitu, unazaa majani. Nikamuuliza tena kuhusu usalama. Akasema ile karatasi ya ushirika imelowa lakini jina linasomeka.

Ile pakiti tuliifungua na vijana Jumamosi moja. Mama wa jebena alikubali kuitengeneza, baada ya kuinusa mara tatu kwa mashaka, maana kwake kahawa iliyokaangwa na mtu mwingine ni kama chakula kilichotafunwa. Alikunywa kikombe chake chote, kisha akauliza Kalehe iko wapi. Kijana aliyeniuliza lile swali alisema ni chungu, akatia vijiko vitatu vya sukari, na chungwa hakuliona. Mimi mwenyewe, niwe mkweli, nililiona kidogo sana, labda kwa sababu nilikuwa nimeshasoma. Lakini aliniomba pakiti tupu atafute Minova kwenye ramani ya simu, na wiki iliyofuata alikuja na swali lingine, kwa nini pakiti imeandika jina la ziwa na mwinuko lakini haikuandika jina la mtu hata mmoja aliyevuna. Bado hatujamaliza kulijadili. Pakiti tumeitundika ukutani pale tunapokutana. Anayetaka kuisoma aje Jumamosi kabla ya saa nne, kwa sababu baada ya hapo ukumbi ni wa kwaya.